Gari Langu Halitazami Bondeni

Nilipotoka eda tu, shemeji yangu alikuja na neno moja: uza gari. Marehemu mume wangu aliniachia cherehani na gari hilo kuukuu, na ndilo nililokuwa nikipelekea nguo za harusi toka Gitega mpaka Kagugu. Sasa lilikuwa likichemka kila likipanda, na Kigali ni mlima juu ya mlima.

"Moteri, injini yenyewe, iko kwisha, shemeji," alisema. "Na mwanamke hana bwana, gari ya nini? Kesho naleta mwuza magari wa kule Sonatubes, atainunua."

Hasira zilinipanda mpaka nikakata uzi kwa meno.

Gari lilianza kuchemka baada ya fundi kubadilisha mpira wa maji uliopasuka na kujaza rejeta upya. Tangu hapo mshale wa joto ulipanda, lakini hita, nikiiwasha asubuhi za mvua kioo kikijaa ukungu, ilipuliza baridi. Hilo ndilo lililonikera. Injini inatokota, hita baridi? Basi maji ya moto hayafiki kwenye hita.

Jibu nililipata bombani, nikichota maji. Ua wetu umeinama kama mtaa mzima, na jerikani ukiiweka mdomo ukitazama bondeni, haijai. Hewa inabaki upande wa juu. Nikaligeukia gari langu: pua bondeni. Sote mtaani huegesha hivyo, ili betri ikigoma gari literemke lenyewe na kuwaka. Fundi naye alilijazia maji likiwa limeinama hivyo hivyo, na hewa ikajibanza huko nyuma palipoinuka, kwenye hita.

Nililigeuza pua juu. Injini ikiwa bado ya baridi, nikafungua kifuniko cha rejeta, nikawasha gari, nikaweka hita kwenye moto mpaka mwisho, nikamimina maji polepole. Rejeta ikatoa mapovu, nikaongeza, ikatoa tena. Ilipotulia, nikaweka mkono mbele ya hita. Joto likaja. Nililia, sisemi uongo.

Kesho yake shemeji akafika na mnunuzi wake. "Ingieni tulijaribu," nikawaambia. Nikafunga vioo vyote, hita ikipuliza kwa nguvu zake zote, tukaupanda mlima wa Kagugu jua la saa saba. Mshale ulikaa katikati. Mnunuzi alijifuta jasho kwa tai.

"Shemeji, fungua dirisha, tunaiva!" akalalamika shemeji yangu.

"Si ulisema moteri iko kwisha? Hii moto inatoka wapi?"

Tuliporudi niliegesha pua juu. Mnunuzi, aliyekuja kutafuta gari bovu la bei ya kutupa, akaaga bila kutaja bei. Shemeji akalizunguka gari, akatikisa kichwa.

"Ariko, lakini betri ikikataa, utaisukuma kupanda?"

"Nitanunua betri," nikamwambia. "Kwa nguo ninazopeleka na hii gari. Karibu chai, shemeji."