Mashimo Aliyoyafukia Mama Mkwe

Mwaka ule mama mkwe wangu alifukia mashimo ya ngoro, na ukoo mzima ukasema akili zimemtoka.

Kwa asiyeijua milima ya Mbinga, nieleze. Huku watu wanalima kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaupanda kwa kufikiri. Mwezi wa tatu wanaume wanafyeka majani na kuyalaza yakikatizana, mlima mzima unakuwa na vyumba kama daftari la hesabu. Halafu wanaingia wanawake na majembe. Unachimba katikati ya kila chumba, udongo unaurusha juu ya majani. Majani yanaozea chini, maharage yanaota juu ya tuta, na shimo linabaki wazi lipokee mvua. Hiyo ndiyo ngoro. Bila shimo, shamba lako utalikuta mtoni. Mtoto wa kike wa Kimatengo anajua hilo kabla hajamaliza kujifunza Baba Yetu.

Mama alikuwa amechimba ngoro tangu usichana wake. Siku hiyo alichimba shimo, akageuka, akalijaza udongo uleule. Akaenda la pili, akalijaza nalo. Mistari miwili mizima. Majani yakabaki yamelala uchi juani. Mimi nilikuwa mstari wa chini yake, mwanangu mgongoni, nikadhani ananitania. Mimi ni Mnyasa wa Lundo, nimekulia ufukweni mwa ziwa na dagaa wa usipa, nimeletwa mlimani kwa ndoa, na ngoro zangu zilikuwa kichekesho cha kijiji.

"Mama, mbona unafukia?"

Alinitazama kama mtu aliye chini ya maji. "Nimemaliza," akasema. "Twende nyumbani, nimechoka."

Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Jambo la namna hiyo halifichiki. Mteremko wa mbele wanakuona kama uko kwenye picha ya ukutani. Mpaka mchana kila mwanamke alikuwa anajua kwamba mke wa marehemu mpima kahawa anafukia ngoro. Jumapili, baada ya misa, shemeji, kaka wa mume wangu, akaja kutoka mjini. Ndiye mzaliwa wa kwanza. Alikaa kwenye kiti cha baba yake, viatu vinang'aa, akamwambia mume wangu huku mimi napita na chai:

"Mama amekwisha. Shamba la kahawa likae mkononi mwangu kabla hajang'oa miche akidhani ni magugu. Tungoje maharage yavunwe, tuwaite baba wadogo, tulimalize."

Mume wangu, ambaye nampenda lakini nasema ukweli, alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka siku nyingi.

Lile shamba ndilo lililokuwa limembakiza Mama kuwa mtu. Marehemu aliliacha mkononi mwake mbele ya mashahidi. Yeye ndiye aliyeamua lini tuchume, nani alime wapi. Ukimwondolea hilo anabaki bibi wa kukaa kona ya jiko, analishwa uji na kusemwa kwa sauti kubwa kana kwamba ni kiziwi. Nilimtazama siku hiyo. Alikuwa amekaa mlangoni, kidevu kifuani, mate yanamtoka kidogo, na wanawe wanagawana maisha yake hatua tano kutoka alipo. Hakusikia hata neno.

Lakini mimi sikuamini uzee ule. Bibi yangu kule Lundo alizeeka nikiona. Alisahau majina, alisahau siku, lakini alizeeka polepole kama ngalawa inavyooza. Mama alikuwa amezeeka kati ya msimu mmoja wa kahawa na mwingine.

Jibu nililikuta kwenye kibuyu cha mbegu za maharage. Nilitumbukiza mkono nichukue mbegu, nikatoka na karatasi ya gazeti imekunjwa, ndani yake vidonge vidogo vya njano. Vingine vilikuwa kwenye fundo la kanga yake. Nilikuwa nimeviona kabla, mtu anaona asichokitilia maanani. Ni shemeji aliyekuwa akivituma.

Shemeji alikuwa karani wa chama cha ushirika. Ushirika ulipolegea wakampunguza kazini, na ilipokuja ile miaka ya ruksa, kila mtu auze anachoweza, akafungua duka la dawa pale mjini. Maduka hayo yaliota kama uyoga. Ulikuwa unaingia kununua sabuni na ukitoka una vidonge. Baba yake alipofariki, Mama akasema hapati usingizi, naye akampelekea dawa ya usingizi kwa abiria wa magari yanayopita Kitai. Mwanzo kimoja jioni. Baadaye viwili. Halafu na kingine asubuhi na chai, "kutuliza moyo". Hakuna aliyeuliza hadi lini.

Ningeliuliza kwa upole kama si yaliyotokea wiki hiyohiyo. Nilimwachia Mama mtoto niende kisimani. Niliporudi, Mama amelala kwa kukaa, mdomo wazi, na mwanangu amefika kwenye mafiga, mkono mmoja umeshika jivu la moto. Aliungua vidole viwili. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja, na Mama bado hajaamka.

Nilichukua vidonge vyote, vya kibuyuni na vya kwenye kanga, nikavitupa chooni. Nilikuwa na kidato cha nne, nilikuwa na hasira, nikajiona daktari.

Siku ya pili Mama alianza kutetemeka. Siku ya tatu kanga yake ililowa jasho wakati kuna baridi ya kuvaa sweta mbili. Siku ya nne alisimama uani mchana kweupe akazungumza na marehemu mumewe, akimwambia mzani wa wanunuzi wapya ni mwongo, ahamishe magunia. Mikono yake ilikuwa inapepea kama majani ya mgomba.

"Mnyasa amemroga mkwewe," wakasema kisimani. "Mlitegemea nini? Watu wa ziwani hao."

Ningewajibu, lakini nilikuwa nalia. Maana hawakukosea sana. Mimi ndiye niliyemfanya awe vile.

Tulimbeba Mama, mume wangu na mimi, mpaka zahanati ya misheni. Sista aliyekuwa akitibu pale alikuwa mzee kuliko Mama, miwani imefungwa uzi. Alimpima, akampa kidonge nusu, akamlaza. Kisha akanigeukia.

"Nani alimwachisha?"

"Mimi, Sista. Nilivitupa chooni."

"Vyote?"

"Vyote."

"Wewe mwanamke umetoka ziwani, eh? Ulipanda mlima huu kwa miguu?"

"Kwa gari, Sista, kutoka Mbamba Bay."

"Ndiyo maana. Mtu hashushwi mlima kwa kusukumwa. Mama yako amepandishwa juu sana, na aliyempandisha hakumwonyesha njia ya kurudi. Wewe umemsukuma. Angeweza kufa mikononi mwako, unasikia? Atashuka kwa miguu yake, akipumzika."

Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Akatuhesabia vidonge, akatupangia. Cha asubuhi kife kwanza. Vya jioni vikatwe kwa wembe, kipande kidogo kiondoke, akae wiki kadhaa mwili uzoee, ndipo kiondoke kingine, na kila mara turudi amwone. Mchana asilale. Chai ya rangi ya jioni, ile nyeusi kama lami, iishe. Apewe kazi, apigwe jua. "Na mumweleze," akasema, "kwamba mzee halali kama mtoto mchanga. Akiamka jogoo la kwanza si ugonjwa. Ni umri."

Kwa hiyo nikawa mkata vidonge. Nilikata juu ya sahani ya bati, Mama ameketi mbele yangu akiusimamia wembe kama anasimamia mchinjaji.

"Umepunja," atasema.

"Sijapunja, Mama."

"Umepunja. Watu wa ziwani mmezoea kukata samaki, mnabakiza kichwa."

Nilianza kumpenda hapo, nadhani. Matusi yalikuwa yanarudi.

Mchana nilimzuia kulala kwa kumpa maharage ya kupukuchua, na nikakaa naye, maana ukimwacha peke yake kichwa kinaanguka. Tulipukuchua mpaka vidole vikawa na sugu. Ndipo akasema. Miaka yote ya ndoa, mumewe alikuwa akirudi kutoka kupima kahawa za watu anamwambia siku ilivyokuwa, nani kaleta mbichi, nani kaleta mawe guniani, wanacheka, wanalala. Alipokufa, nyumba ikanyamaza. Halafu ushirika nao ukafa, wakaja wanunuzi na mizani yao, kila mmoja na bei yake, na hapakuwa na wa kumwuliza.

"Nikilala macho naliona shamba," akaniambia. "Naona nani atalichukua. Nikimeza, shamba linaondoka kichwani."

Nilitaka kumwambia kwamba ndivyo lilivyokuwa linaondoka kweli. Sikumwambia. Alikuwa anajua kuliko mimi.

Tulikuwa tumeshafika nusu kidonge, kahawa inaanza kuiva, nikamwona kanisani anayumba wakati wa kusimama kwa Injili. Macho yalikuwa yaleyale ya chini ya maji. Nikapekua kanga mbele ya lango la kanisa, sikujali nani anaona. Vidonge viwili vizima.

Kumbe wajane wa kijiji walikuwa wanapeana vidonge. Huku mbegu ya maharage hainyimwi. Mwenzako akipungukiwa msimu wa kupanda, unafungua kibuyu unampa, na wewe ukipungukiwa atakupa. Ndiyo heshima ya wanawake wa hapa, na ndivyo walivyovichukulia vile vidonge. Msiba wa mmoja, wengine wanamletea. Mama ndiye aliyekuwa mtoaji mkubwa, maana mwanawe ana duka.

Niliyemkuta na hatia alikuwa jirani yetu wa mteremko wa mbele, bibi mfupi mwenye jino moja la mbele.

"Bibi, shikamoo. Umempa Mama vidonge?"

"Marahaba, mwanangu. Nimempa viwili tu. Alisema mnamnyima."

"Bibi, hii si mbegu!"

"Kama si mbegu, mbona shemeji yako anaipanda kila nyumba?"

Nikamwuliza yeye mwenyewe anameza vingapi. Akanyoosha vidole. Nikashika kichwa.

Jumanne iliyofuata niliteremka zahanati na Mama, na yule bibi, na wajane wengine wawili, wamevaa kama wanakwenda kipaimara. Sista alipotuona mlangoni alisema, "Mungu wangu, umeleta kwaya."

Kwa shemeji nilikwenda peke yangu, mtoto mgongoni na kovu lake la vidole. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu nyumbani. Duka lilikuwa dogo kuliko nilivyokumbuka.

"Shemeji, unajua unachompa mama yako?"

"Dawa. Kila mtu ananunua. Nimevunja sheria gani?"

"Sijasema sheria. Nakuuliza unajua?"

Akapangua maboksi, akayapanga tena. "Aliniambia halali," akasema. "Mimi siwezi kuja kila siku. Nikifunga duka nakula nini? Nilifanya ninachoweza."

Hasira yangu ilibaki nusu mkononi. Nilimwona jinsi alivyo: karani aliyepunguzwa, hana mtu wa kumlindia kaunta, anamtumia mama yake vidonge badala ya kumtumia nafsi yake. Vile vidonge ndivyo vilivyokuwa kumtembelea kwake. Lakini nusu iliyobaki niliitumia. Nilimwonyesha vidole vya mtoto. Nikamwambia, "Mama hajazeeka. Umemlaza. Usitume tena, na kikao cha shamba kingoje mwezi wa tatu, tumwone akichimba." Sikujua nimepata wapi ubavu wa kupanga vikao vya ukoo wa watu. Alikubali, nadhani ili nitoke, maana wateja walikuwa wanasikiliza.

Mvua ziliponyesha Mama alikuwa amefika robo ya kidonge. Kabla ya Noeli alikuwa hana kitu, ila kipande kimoja alichokifunga kwenye kanga, "cha ukumbusho". Nilikiacha. Halali sana mpaka leo. Anaamka kabla ya jogoo kuamua, anawasha moto, ananung'unika wimbo wa kanisa, na mimi nakereka kwa sababu mtoto anaamka. Lakini anaamka mzima.

Mwezi wa tatu ulipofika, shemeji alikuja na baba wadogo wawili. Walitukuta shambani. Ile mistari miwili aliyoifukia mwaka uliopita ilikuwa imechanwa na mvua, mfereji mwekundu umeshuka katikati kama kidonda. Mama hakuanzia penye udongo mzuri. Alianzia hapo hapo. Alikuwa anachimba, anarusha, anachimba, bila kuniangalia, isipokuwa alipofika sambamba na mimi.

"Hili ni shimo au kaburi la paka?"

"Ni shimo, Mama."

"Paka mdogo."

Wazee walisimama kwenye njia. Shemeji akasema, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na viatu hivyo shambani?"

"Tumekuja tuongee kidogo kuhusu shamba."

Mama alisimamisha jembe, akatazama juu, mahali mume wangu alipokuwa amelaza majani asubuhi na kuyaacha nusu kwa haraka zake.

"Mstari wa tatu umepinda," akasema. "Vua viatu, unyooshe. Mimi nakuja nyuma yako na jembe. Kama una la kusema, utalisema huku unalaza majani."

Baba mdogo mmoja akacheka kwa pua. Shemeji aliangalia viatu vyake, akaangalia baba zake wadogo, akainama akavifungua kamba. Alilaza majani mpaka jua likawa utosini, mama yake nyuma yake akifungua mashimo moja baada ya jingine, na kuhusu shamba hakusema neno.