Vitabu Viwili Vinavyofanana na Changu

Leo mama ameniombea nisifanikiwe.

Wakala wa vitabu niliyemwandikia Dar anitafutie mchapishaji amejibu. Hatasoma mswada wangu mpaka nimtajie vitabu viwili vya karibuni vinavyofanana nao, ili wachapishaji wajue nani atanunua.

Mswada unamhusu mdogo wangu Neema, aliyechukuliwa na maji mto Lumemo ulipofurika.

Nikaenda maktaba ya shule. Vimebaki vya mtihani tu. Vya hadithi vilikuwa rafu ya chini, vikaharibiwa na mafuriko yale yale.

Nyumbani nikamkuta mama anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mnyonge hivyo?"

"Natafuta kitabu kingine kama changu. Mtoto anachukuliwa na maji, halafu mama yake bado anampakulia wali kila jioni."

Ungo ukasimama.

"Kikiwepo, si ina maana kuna mama mwingine?"

"Ndiyo, mama."

"Basi naomba usikipate."

Akaendelea kupepeta.

Nimekaa nje na simu. Bado nataka Neema asomwe.

Jamani, mnaokijua kitabu kama hicho, niandikieni jina lake hapa chini.

Mama yangu msimwambie.