Kasmir wa Bure

Kasmir alipigwa na watu ambao wengi wao walikuwa wanatumia kazi ya mikono yake bila kumlipa hata senti. Naanzia hapo hapo, maana nikizunguka sana nitaanza kutukana.

Alikuwa Mchaga wa Kibosho, mrefu, mkimya, na miwani yake aliifunga kwa waya. Alishuka Dar kumsaidia mjomba wake kuuza mabati. Ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa, na kompyuta, ambazo zamani ziliombewa kibali serikalini, zikaanza kumwagwa Kariakoo kama mitumba ya Mchikichini. Kasmir akazipenda, mabati akayaacha. Akapanga kibanda chini ya ngazi, Mtaa wa Narung'ombe, akawa anatengeneza mashine za watu. Hapo ndipo walipokula, yeye na mkewe Severa na binti yao Vicky.

Ila kazi ikipungua alikuwa anaandika programu yake, aliyoiita Ghala. Ukiwa na duka, inakwambia stoo umebakiza nini na kimeingia nini. Na aliitoa bure, bwana! Hata maandishi yake ya ndani aliyaweka wazi kwenye intaneti, atakaye ayachukue, ayarekebishe, ampe na mwenziwe. Wenyewe wanaita programu huria. Kuna Mbrazili mmoja, asiyemjua hata sura, aliwahi kumsahihishia kosa lililomtesa wiki nzima. Kasmir alicheka peke yake kibandani mpaka Severa akadhani malaria imempanda kichwani.

Ugumu ulikuwa kwenye mashine zetu. Huyu ana Windows ya kunakili, yule ana Linux, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya hii haikubali kwenye ile. Kasmir alitaka ikubali kote. Mama Dhruv, mjane wa Kihindi aliyeuza vifungo na zipu kwa jumla, alikuwa na Mac kuukuu aliyoachiwa na mwanawe alipohamia Uingereza. Mtaa mzima hakuna mwingine mwenye mashine ile. Kasmir alihangaika nayo masika yote, mpaka Ghala ikafunguka. Mama Dhruv akatoa pesa, Kasmir akazikataa. Alikunywa chai yake ya tangawizi, akaaga.

Watu wakamwita Kasmir wa Bure, kwa utani tu mwanzoni. Lakini Kariakoo mkono mtupu haulambwi. Mtu akikupa kitu bure unakigeuza chini juu, unatafuta kilipooza.

"Baba Vicky, weka bei, hata ndogo," Severa alimsihi. "Watu wanaogopa."

"Wanaogopa nini?"

"Wanakuogopa wewe."

Kasmir akamkumbusha mfongo wa kwao, ule mfereji wa maji ya mlimani. Siku ya kuuzibua kila mtu anatoka na jembe, hata ambaye maji hayafiki shambani kwake. "Hapa si Kibosho," Severa akamjibu. Na hapakuwa Kibosho.

Majambazi wakaanza kuvunja maduka. Walikuja siku ambayo mzigo umeshuka, kama vile wameitwa. Duka la tatu lilikuwa la Zahoro, muuza vyombo vya jikoni. Mlinzi wake, Sadalla, mtoto wa shangazi yake, walimkata mapanga wakamwacha mlangoni ameshika utumbo wake kwa mikono miwili. Zahoro alimkuta asubuhi bado anapumua, akamfia mapajani.

Mtu aliyetoka kumzika ndugu yake hivyo hafikiri sawasawa, hilo nalikubali. Kesho yake wafanyabiashara wakiwa msibani, mmoja akasema maduka yote matatu yalikuwa na Ghala. Kweli yalikuwa nayo! Na nusu ya mtaa ilikuwa nayo vilevile, wakiwemo ambao hawakuguswa, kwa sababu Kasmir alijitesa ikubali kila mashine. Hilo hakuna aliyelisema.

"Imeingia kila mahali," Zahoro akasema. "Windows, Linux, mpaka kwa Mama Dhruv. Nani anahangaika hivyo bure? Inamwambia mzigo umeingia lini, naye anawauzia majambazi habari."

Wakainuka. Zahoro akapitia dukani kwake, akachukua mchi wa kinu.

Walimkuta Kasmir amepiga magoti anafungua mashine ya mteja. Walimvuta kwa miguu, uso ukisugua saruji. Mtu akapiga yowe, "Mwizi!" Basi tena. Yowe hilo Kariakoo linawaleta hata wasiojua kimeibwa nini. Mateke, mawe, nondo. Meno yakamtoka, miwani ikasagwa na kisigino. Zahoro akamkanyaga mkono wa kulia ukatulia chini, akashusha mchi. Vidole vililia, na Severa sauti ile anaisikia mpaka leo.

"Sema! Kwa nini unatoa bure?"

"Kwetu... kuna mfereji..."

"Mfereji gani, mshenzi wewe! Nani anakulipa?"

"Hakuna."

Mchi ukashuka tena.

Laiti angesema analipwa! Pale hapakuwa na mtu asiyejua kulipwa. Tairi lilishafika, na dumu la petroli lilikuwa linapitishwa juu ya vichwa. Severa alikuwa anawang'ata watu mikono apate njia, huku anakula viwiko vya uso na kulia, "Niueni na mimi!"

Mama Dhruv akateremka ngazi mbio kutoka kwake ghorofani, sari ameipandisha magotini. "Mwacheni! Huyu mtu mzuri! Kwangu alifanya kazi masika yote, hakuchukua hata shilingi!"

Mama wee! Alidhani anamtetea.

"Mmesikia? Masika yote, bure!" Zahoro akapaza sauti, na tairi likavishwa shingoni.

Mama Dhruv alikuwa ameuza Kariakoo tangu ujana wake. Akazitazama nyuso zile, akaelewa. "Nimedanganya!" akapiga kelele. "Namlipa! Kila mwezi namlipa, hiyo programu tunaiuza nje! Anasema bure akwepe kodi, mjanja huyu!"

Dumu likasimama juu ya vichwa. Halafu mtu akacheka. "Kumbe anakula!"

"Anakula, bwana! Jamaa anakula!"

Mwenye kiberiti akakirudisha mfukoni. Mwizi wanamchoma, ila mkwepa kodi ni mwenzao. Naye Kasmir, mdomo umejaa damu, akainua kichwa ndani ya tairi. "Mwongo," akasema. "Sijawahi kuli..."

Severa akamsokomeza upindo wa khanga mdomoni, akamlalia kwa uzito wake wote. "Nyamaza," akamwambia sikioni. "Nyamaza nisiwe mjane."

Vidole vitatu havikunyooka tena. Majambazi walikuja kukamatwa, ikajulikana habari za mizigo walikuwa wanapewa na utingo wa lori. Ndipo Zahoro akafika nyumbani kwa Kasmir, Magomeni, na kuku wawili na mchele. Akaomba radhi, akalia, tena alilia kweli. Kisha akajikuna shingo. Windows yake imekufa, fundi kamwekea Linux, na bila Ghala dukani hajui kilichopo.

"Safari hii nalipa," akasema. "Taja bei yoyote."

Kasmir akamwekea mbele mkono wake wa kulia. "Siku ile uliponivunja mkono, wewe nani alikulipa?"

"Astaghfirullah! Nani anilipe?"

"Aliyeleta tairi?"

"Alilileta tu mwenyewe."

"Na petroli?"

"Kuna mtu alijitolea," Zahoro akasema. Akainamisha kichwa, hakukiinua tena.

"Severa," Kasmir akaita, "mpe CD ya Ghala, ile ya Linux. Achukue na kuku wake, atoke."