Dhamiri ya Sista Wakesho Yapimwa

Imetangazwa rasmi, na kubandikwa ukutani juu ya sinki, kwamba dhiki ya dhamiri miongoni mwa wauguzi wa wagonjwa mahututi itapimwa kitaalamu, kwa kuwa kisichopimwa hakitibiki, na kwamba kuanzia sasa hakuna muuguzi atakayebeba mzigo huo peke yake.

Sista Wakesho alilisoma tangazo hilo akinawa mikono. Alizaliwa kwenye baridi ya milima ya Taita, akaja kuzeekea kazini kwenye joto la Voi, na wodi ilikuwa imemzoesha kusoma kila kinachobandikwa bila kukitegemea. Hakujua kwamba dhiki yake ina jina. Ya miguu alijua: ilivimba.

Mpimaji, Bwana Muasya, alikuwa mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alimpa fomu. Kila swali lilijibiwa kwa sufuri hadi nne; nne ilimaanisha umeumia sana.

"Ni siri kabisa, madam."

"Sasa namba yangu ya kazi mnaitakia nini?"

"Ndio tujue nani wa kusaidiwa."

Katunge, mwenzake wa zamu, alikuwa akihangaika kumgeuza mgonjwa. "Andika sufuri kote, dada, uje unishikie huu mguu."

Swali la kwanza liliuliza kama amewahi kuzuiwa kuwaambia jamaa ukweli kuhusu mgonjwa. Kabla hajaandika, mlango uligongwa. Alikuwa Mzee Mwandawiro, mkulima wa Rukanga. Mkewe alilala kitanda cha dirishani, damu imevuja ubongoni, mashine ikimpumulia. Asubuhi Daktari Kitonga alikuwa amemmulika macho kwa tochi, akatikisa kichwa, akaenda mkutanoni Wundanyi na kuzima simu. Sheria ya wodi ilikuwa kwamba habari mbaya hutolewa na daktari. Muuguzi husema "anaendelea".

Mzee alimsalimu kwa Kidawida, lugha ya kwao Taita, akavua kofia.

"Mwanangu, nimepigiwa simu. Jana ndovu wameingia kwa jirani yangu Mutinda. Leo ni kwangu, na hakuna mtu wa kupiga debe kuwafukuza kule. Niambie tu: niende nikalinde mahindi nirudi kesho, ama nikae?"

"Anaendelea, Baba." Mdomo ulisema wenyewe.

"Hilo uliniambia jana. Na juzi. Anaendelea kwenda wapi?"

Wakesho alitazama mashine, kisha mlango ambao daktari hakuwa akiingia. Mzee angeenda, angeokoa mahindi na kumkuta mkewe mochari.

"Kaa, Baba," alisema. "Mahindi utapanda mengine."

Mzee aliikunja kofia yake, akaitia mfukoni. "Haya. Nimesikia."

Saa za kutazama wagonjwa zilikuwa zimepita. Wakesho alimvalisha gauni la wodi, akamfunga kamba mgongoni kama mtoto wa nasari. Mzee akaketi, akamsimulia mkewe habari za ndovu, akamlaumu Mutinda kwa kulala fofofo. Mikono ya mama ilijaa mipira ya dawa, kwa hiyo alimshika kisigino. Alikuwa bado amekishika mkewe alipokata roho, kabla ya chai ya saa kumi.

Kule Rukanga ndovu walikula, kama walivyotarajiwa.

"Madam, fomu yangu?" Muasya aliuliza, kwa upole uleule.

Wakesho alikuwa amechoka mno kutunga uongo. Aliandika nne, na kwenye nafasi ya maelezo akaeleza alichozuiwa kusema na alivyokisema.

Katunge alichungulia begani mwake. "Wewe! Na namba umeweka?"

"Ndio wajue nani wa kusaidiwa."

Msaada ulifika upesi. Wakesho alihamishiwa kliniki ya chanjo, kwa kosa la kukiuka utaratibu wa mawasiliano na jamaa. Wodi ya mahututi haijapata mtu wa kushika nafasi yake, na zamu ile Katunge anaifanya peke yake.