Kinanda cha Kanisani na Vidole vya Wakesho

Enzi zetu hapa Voi, mtoto msafi alikuwa mtoto mgonjwa. Vumbi jekundu liliingia masikioni, likaingia kwenye uji, tukalinywa. Ndovu walikuwa wekundu, kuku walikuwa wekundu, na shati langu jeupe la shule lilikuwa jeupe siku liliponunuliwa tu. Tulicheza bano kwa gololi, tukacheza kati, kukwepa mpira wa makaratasi, na Jumapili tukapakwa mafuta mpaka nzi wanateleza, tukapelekwa kanisani. Huko ndiko kulikokuwa na kinanda.

Kinanda chenyewe kililetwa na wamishonari. Waliporudi kwao wakakiacha, nadhani kwa sababu hakikuingia kwenye sanduku. Mchwa walikula mguu mmoja, ukawekewa tofali. Juu yake wazee wa kanisa walipanga maua ya plastiki na kapu la sadaka. Kukigusa ilikuwa dhambi, mahali fulani kati ya uzinzi na mbangara, ile pombe ya miwa ambayo wazee hao waliikemea asubuhi na kuifuata alasiri.

Dada yangu Wakesho, anayenifuata kwa kuzaliwa, hakuiogopa dhambi hiyo. Mke wa katekista, Mama Mghoi, alikuwa amefunzwa nyimbo chache na wamishonari, akamfunza Wakesho kila Jumamosi baada ya kufagia kanisa. Alifundisha kwa kijiti. Ukikosea, kijiti kwenye vidole. Vitufe vingine havikutoa sauti hata ungevipiga kwa nyundo, basi Wakesho akifika hapo anaiimba ile sauti kwa mdomo na kuendelea mbele.

Baba, aliyekuwa fundi wa magari, alipopata habari alishika kiuno. "Vidole vya msichana ni vya jembe na kalamu. Umeona wapi kinanda kikaliwa?"

"Mchwa wanakila," Wakesho akajibu.

Alichapwa.

Kisha askofu akaja kututembelea. Kwaya ilikodi magitaa ya stima kutoka Mwatate, na askofu alipoingia tu, stima ikapotea. Wanakwaya wakabaki wameyashika magitaa kama watu waliobeba kuni. Mama Mghoi akamsukuma Wakesho mpaka kwenye kinanda. Akakipiga kwa nguvu zake zote, na panya mkubwa akachomoka chini ya vitufe, nyuma yake watoto, ukoo mzima, wakaelekea viti vya mbele. Akina mama waliokuwa wameinamisha vichwa kwa unyenyekevu wakapanda juu ya mabenchi. Mzee mmoja alilitaja jina la Bwana, na si kwa kumsifu. Wakesho hakuinua kichwa. Aliupiga wimbo mpaka ubeti wa mwisho, akiimba mwenyewe pale pasipolia.

Askofu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa joho. "Binti asiyekimbia panya," akasema, "lazima atafutiwe mwalimu."

Akampatia nafasi kwenye shule ya wasichana Nairobi iliyokuwa na mwalimu wa muziki. Baba akakataa katakata. Ndipo nyanya, mama yake baba, akashuka kutoka Kasigau, akiwaachia ndovu mahindi yake, akakaa jikoni kwetu bila hata kuvua leso ya kichwani.

"Wewe ulipotaka kuoa Mkamba," akamwambia baba, "ukoo mzima ulikataa. Nani alisema mwacheni mtoto afuate moyo wake?"

Baba akamtazama mama. Mama, Mkamba mwenyewe, akaendelea kuchambua maharagwe. Wiki iliyofuata Wakesho akapanda treni.

Kutoka Nairobi alipata ufadhili wa masomo Ulaya, akawa mpiga piano wa kumbi kubwa, zile ambazo watu huvaa makoti na kukohoa kwa zamu. Siku moja alinitumia tiketi nikaenda kumsikiliza. Hakuna aliyecheza, hakuna aliyepiga kigelegele. Nilipiga makofi mahali si pake, bibi mmoja akanitazama kana kwamba nimejamba. Lakini Wakesho alipofika sehemu ya taratibu, niliiona midomo yake inacheza. Kinanda kile kilikuwa kizima, kila kitufe kinalia, na bado alikuwa anaimba. Nililia, mwanamume mzima, ndani ya koti la kuazima.

Mwaka jana vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikaanza kujikunja vyenyewe. Akishika kijiko, sawa. Akifunga kifungo, sawa. Akigusa kinanda, vinajikunja kama jongoo. Madaktari walimwambia apumzike, na hawakumwambia mpaka lini. Akafuta maonyesho yake yote, akarudi Voi, akajifungia kwenye chumba chetu cha zamani.

Jumapili moja nikamtoa kwa nguvu tukaenda kanisani. Siku hizi kuna kibodi, na kijana anayeipiga huvaa miwani ya jua ndani ya nyumba ya Mungu. Hubonyeza mahali pamoja zikatoka ngoma, tarumbeta na kwaya nzima ya malaika, naye akaendelea kujibu meseji. Baada ya ibada Wakesho alimwuliza wimbo ule ameupiga kwa ufunguo gani, maana wanamuziki ndivyo wanavyoiita sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake.

"Auntie, hii haina ufunguo," kijana akamweleza kwa upole. "Inawashwa tu hapa."

Wakesho alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi.

Baba sasa ni mzee, kucha zake bado zina grisi isiyotoka. Kila jioni humwita Wakesho kibarazani. "Mama, lete mkono." Humkanda kidole kimoja kimoja kwa mafuta ya nyonyo, polepole, kama anayefungua nati yenye kutu asitake kuivunja. Juzi nikamsikia Wakesho akimwuliza, "Na visiponyooka, baba?"

"Basi vitakaa vimekunjika," mzee akasema. "Lete na huo mwingine."

Watu wa rika langu tunapenda kusema zamani kulikuwa bora, na kwa bano na mpira wa makaratasi sitabisha. Lakini enzi zetu baba alimshika binti yake mkono ili amchape au amvushe barabara, basi. Nikiwatazama hawa wawili natamani turudi tena utotoni, vumbi na panya wake wote, ili mzee apate kuanza mapema.