Masizi Si Najisi

Bi Mwanatabu hakumwamini mtu. Muuza maziwa ilikuwa lazima anywe funda moja mbele yake kwanza, ndipo ampimie yake. Ukimletea salamu za nduguye wa Likoni, alikuuliza huyo ndugu alizitoa amekaa au amesimama. Mimi Sidi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na miwili, nilimpelekea bakuli la pilau siku ya Krismasi. Bakuli lilirudi limeoshwa vizuri, na paka wake nikamwona amejilaza kizingitini, tumbo limemjaa.

Kazi yake ilikuwa udobi. Alifua kanzu tu, tena za watu aliowachagua. Kila kanzu aliitia alama yake kwenye pindo la ndani kwa wino usiotoka, akainyoosha kwa pasi ya makaa, na mwenyewe akija kuichukua aliambiwa aifungue aikague pale pale, asije kesho akasema imeunguzwa. Mumewe, Mzee Stambuli, alikuwa mwashi zamani. Nyumba yao aliijenga kwa mikono yake mwaka wa sitini na moja, jiwe kwa jiwe, hapa kijijini kwetu Kwa Randu, nyuma ya Changamwe. Lakini ninyi mnaijua Mombasa. Nyumba ilikuwa yao, ardhi ilikuwa ya mtu mwingine, mtu ambaye hatujapata kumwona uso.

Kiwanda kilikuja baadaye, mwaka wa sabini na nne. Kiliyeyusha vyuma chakavu, na bomba lake la moshi lilisimama nyuma ya ua wa Bi Mwanatabu kama mgeni aliyekataa kukaa. Kutwa lilitoa masizi mepesi, meusi, yanayoelea kabla ya kutua. Ubaya wa masizi yale ni kwamba hayapanguswi. Ukiyagusa kwa kidole tu yanachora mstari, na mstari huo ndio kazi ya kufua upya. Bi Mwanatabu alifua kila kanzu mara mbili, akaianika akiwa amesimama chini yake na upepeo.

Siku moja Maalim Idarus, imamu wa msikiti wetu, alirudi na kanzu yake akamwonyesha vidoa begani. Hakuwa na hasira, alitaka tu ajue. Bi Mwanatabu akamuuliza yeye swali badala ya kujibu.

"Maalim, mtu akiswali na haya, sala yasihi?"

"Yasihi. Masizi si najisi, Mwanatabu. Ni uchafu tu."

"Sala yasihi," akasema. "Na kifua je?"

Kwa sababu ndani, kitandani, Mzee Stambuli alikuwa anakohoa. Alikohoa miaka mitano. Daktari wa hospitali alimwambia ahame mbali na moshi, naye akamjibu kwamba nyumba hii kaijenga yeye na atatoka humu kwa jeneza, si kwa lori. Alisema hivyo kila mara, hata kwa watu wasiomuuliza.

Bi Mwanatabu alikwenda kwa chifu kulalamika. Chifu akamwambia malalamiko bila ushahidi ni umbea. Mwingine angerudi nyumbani akalia. Yeye alipitia dukani akanunua bafta nyeupe, akaikata vipande vya upana wa shubiri, na tangu siku hiyo kila asubuhi alitundika kipande kimoja kwenye kamba, mahali pale pale. Magharibi alikiteremsha kwa ncha za vidole, akakiandika tarehe kwa ule wino wa alama, akakikunja, akakitia kapuni. Kapu lilikaa chini ya kitanda cha Mzee Stambuli. Miezi kumi na moja alifanya hivyo bila kukosa hata siku ya Idi.

Mimi nilijua habari ya kapu kwa kuchungulia, sikuambiwa. Mume wangu, Lewa, alikuwa akifanya kazi kwenye tanuri la kiwanda kile.

"Sidi, mwanangu," Bi Mwanatabu aliniambia nilipomtajia kapu, "mumeo yuwala kwa moshi huu. Nawe wala kwa mumeo. Sasa mimi nikuamini kwa lipi?"

Nilikasirika. Lewa naye alikuwa ameanza kukohoa, ila sisi tulikuwa tukisema ni mafua.

Basi mwaka wa tisini na sita likabandikwa tangazo kwenye mlango wa ofisi ya chifu. Serikali ilikusudia kutunga kanuni mpya za kuzuia uchafu wa hewa na maji, na kabla ya kuzipitisha ilitaka kusikia maoni ya wananchi. Siku ya Alhamisi, saa tatu, shuleni. Watu walifurahi. Bi Mwanatabu alilisoma tangazo mara tatu, akalizunguka kana kwamba nyuma ya mlango kulikuwa na maandishi mengine.

"Tangu lini mimi huulizwa?" akasema. "Mama yangu hawakumuuliza."

Mama yake aliishi mahali ambapo leo pana matangi ya mafuta. Aliambiwa aondoke kwa muda, atapewa kiwanja kingine. Kiwanja hicho alikingoja mpaka akafa, na Bi Mwanatabu alikulia katika kukingoja huko. Ukitaka kujua mtu alijifunza wapi kushuku, mara nyingi si mbali.

Jumatatu ya wiki ile walikuja vijana wawili na kamba ya kupimia. Walianzia bombani wakaishia kwenye kizingiti chake, mmoja akapigilia kigingi kidogo chenye rangi nyekundu. Bi Mwanatabu aliwauliza wanapima nini. Wakamwambia kwa adabu kabisa: "Mambo ya hewa, mama."

Walipoondoka alikuja kwangu mbio, jambo ambalo hakulizoea. "Sidi, kwani hewa hupimwa kwa kamba?"

Nikacheka. Nilimwambia labda ndivyo wataalamu wanavyofanya. Aliniangalia sana, kisha akaenda zake.

Jumanne bomba liliacha kutoa moshi. Jumatano pia. Kanzu zilikauka nyeupe pee, na watu wakaanza kusema kiwanda kimeogopa, mambo yamekwisha. Lewa aliniambia wameambiwa tanuri liko matengenezoni. Nilipompa Bi Mwanatabu habari hiyo aliguna.

"Tanuri hili huugua kwa kufuata kalenda? Basi litapona Ijumaa."

Asubuhi ya Alhamisi aliniita nimsaidie kubeba kapu. Nilifurahi nikadhani hatimaye nimeaminiwa. Akaniondolea dhana hiyo mara moja: "Shika upande huu, nipate kukuona mikono."

Darasa lilijaa. Mbele walikaa chifu, mkubwa mmoja wa wizara aliyevaa suti ya kijivu, na karani mwenye daftari. Watu walisema mengi. Mzee mmoja alisema minazi yake haizai. Mama mmoja alisema maji ya kisima yana ladha ya sarafu. Bwana wa suti alitikisa kichwa kwa kila mmoja, akashukuru kwa kila mmoja. Bi Mwanatabu hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiitazama kalamu ya karani, nami nikaitazama. Ilikuwa imelala juu ya daftari tangu saa tatu, na haikuinuka.

Kisha bwana yule akasoma kanuni zenyewe. Alipofika ya kumi na nne alisoma polepole, kama anayetoa zawadi. Kati ya kiwanda chenye tanuri na makazi ya watu, sharti pawe na nafasi isiyopungua mita mia mbili. Darasa zima likapiga makofi. Nilipiga mimi, akapiga hata chifu. Bi Mwanatabu alisimama, makofi yakafifia yenyewe, maana kila mtu aliwahi kuviona vile vipande kambani na wengi walikuwa wakilingoja kapu.

"Mwanangu," alimwambia bwana wa suti, "wale vijana wa kamba, kutoka bombani hadi mlangoni pangu walipata ngapi?"

Bwana alipekua karatasi zake. Alikuwa kijana muungwana, wala hakuficha. "Sitini na tatu, mama."

"Na yatakiwa mia mbili."

"Ndiyo, mama. Kwa usalama wenu."

"Basi nani ahamaye?"

Niliona swali likimpita chifu, likampita karani, likamfikia yule bwana na kukaa. Alivua miwani akaifuta.

"Mama, kanuni haijasema. Hilo litaamuliwa baadaye na kamati ya wataalamu, kwa kutazama ushahidi. Ndiyo maana tunataka ushahidi wenu. Mkituonyesha kwamba hapa hapakaliki, tutakuwa na nguvu."

"Kwamba hapa hapakaliki," Bi Mwanatabu alirudia.

Makofi yangu mwenyewe yalinichoma viganja. Nilielewa sasa kamba ile ilipima nini. Lakini nilielewa pia kwamba kijana yule huenda alikuwa mkweli, kwamba huenda kwa mara moja watu wangebaki na kiwanda kikaondoka. Mambo hayo hutokea. Nikalisukuma kapu kwa mguu kuelekea kwake, nikamnong'oneza, "Toa, Bi Mwanatabu. Vitoe waone." Nilikuwa namfikiria Lewa, usiku anavyokaa kitako apate kupumua.

Yeye akalitazama kapu. Halafu akaketi juu yake. Akakaa sawasawa, akajifunika buibui lake, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje:

"Sisi hatuna neno na moshi."

Kalamu ya karani ikainuka. Aliinama akaandika, kwa bidii, na alipomaliza Bi Mwanatabu akamwamuru amsomee. Karani akasoma: "Mkazi aliye karibu zaidi na kiwanda asema hana malalamiko."

"Ndivyo," akasema.

Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Nilimwacha alibebe kapu lake peke yake. Ijumaa alfajiri tanuri likapona, kama alivyobashiri, na kwa miezi mitatu sikumwamkia. Nikimwona kisimani narudi na ndoo tupu.

Mwezi wa nne alikuja mwenyewe akasimama mlangoni kwangu. Hata shikamoo yangu hakuingoja.

"Nimekudhulumu, wewe na mumeo," akasema. "Lakini nisikize. Stambuli akitolewa ndani ya nyumba ile hafiki mwezi. Akikaa na moshi, huenda akafika miaka miwili. Naliambiwa nichague pale pale, mbele ya watu, na sina wa kumuuliza. Nikachagua miaka miwili."

"Pengine kiwanda ndicho kingehama," nikamwambia.

"Pengine." Alilitamka neno hilo kama mtu aonjaye maziwa ya mchuuzi asiyemjua. "Umewahi kukiona kiwanda kikipakiwa kwenye lori, Sidi?"

Sikuwa nimewahi. Nilimkaribisha, akaingia, na chai niliyompa aliinywa. Hakuninywesha mimi kwanza.

Habari za kanuni zile hatukuzisikia tena. Hakuna aliyehamishwa, wala bomba halikuhamishwa. Kigingi chekundu kilibaki kizingitini mpaka rangi ikatoka, na Bi Mwanatabu hakukubali king'olewe. Alisema mtu akikung'olea kigingi ataweka kingine usichokijua kilipo. Vipande vya bafta aliacha kuvitundika. Sikumwona tena akilivuta lile kapu chini ya kitanda.

Mzee Stambuli hakufika miaka miwili. Alifika mwaka mmoja na miezi saba, akafa kitandani mwake, asubuhi, chini ya dari aliyoipiga mwenyewe. Tulikwenda majirani wote, Waislamu na sisi wengine. Lewa hakuingia kazini siku ile, ingawa walimwonya.

Nyumba ilikuwa imejaa watu, kwa hiyo wanawake walitandika mkeka uani kuikata sanda, chini ya kamba ile ile ya kuanikia. Bafta ilikuwa mpya, imetoka dukani asubuhi hiyo. Wakaikata, wakaitia marashi na kafuri. Upepo ukageuka. Sikuyaona masizi yakianguka, niliyaona yameshaanguka: vidoa vyeusi, vingi, kuanzia upande wa kichwa hadi kifuani. Mwanamke mmoja, mgeni wa mtaa, akanyoosha mkono kupangusa kabla hatujamzuia, na mstari mrefu mweusi ukachoreka juu ya nguo ya maiti.

Wote tukamgeukia Bi Mwanatabu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ukuta, na nilijua anaona nini, maana nami niliona. Mtu akapendekeza aende mbio dukani akalete bafta nyingine. Maalim Idarus, aliyekuwa akingoja upande wa pili wa mlango, akauliza kuna nini, akaambiwa.

"Ileteni nyingine," akasema. "Si vizuri."

"Maalim," Bi Mwanatabu akaita. Hakuinua sauti. "Masizi ni najisi?"

Maalim akausogelea mlango.

"Si najisi, Mwanatabu. Lakini..."

"Basi mvisheni hiyo hiyo." Alisimama, akaishika sanda ncha zake mbili kama alivyokuwa akiviteremsha vipande vyake, ili doa lisiharibike hata moja. "Mimi naliulizwa, nikakana. Yeye, huko aendako, hajaulizwa bado."