Mazuku si mizuka, na mimi nilijua

Kosa ni langu. Naomba mtu asinitafutie kisingizio, maana nimejitafutia mwenyewe vya kutosha na hakuna hata kimoja kilichonipa usingizi.

Mimi ni mwanamke wa Goma, nauza vitenge soko la Birere. Kwetu ni Waislamu. Babu zetu walitoka pwani na biashara, wakapitia Maniema, na mama yangu hajawahi kumwacha mtu asahau. Sisi ni wangwana, husema, hatuna ushamba. Nimelelewa na neno hilo, na ndilo lililoniponza.

Mdogo wangu, nimwite Zaina, alichukuliwa na shangazi Mombasa angali mdogo, akakulia huko, akaolewa huko. Mumewe nitamwita Hafidhi. Kazi yake ilikuwa bandarini, lakini roho yake ilikuwa kwenye mawimbi. Mtalii mmoja alimwachia ubao mrefu wa kutelezea juu ya maji, na akiwa juu yake alisimama ametulia kama mtu anayesubiri basi.

Fungate yao walitaka kwenda pwani ya kusini, huko huko kwao. Mimi ndiye niliyewageuza. Nilimpigia simu nikamwambia shemeji, ya nini kwenda mahali unapopajua? Njoo kwetu. Ziwa Kivu halina papa wala mamba, na upepo wa mchana ukishika, mawimbi yanaruka mpaka barabarani. Ziwa letu halina chumvi, basi nikaitia mimi! Nilitaka watu wa Birere wamwone shemeji yangu wa pwani, na nilitaka yeye aone kwamba hata sisi tuna ufukwe.

Wakaja. Volkano ilikuwa imelipuka mwaka uliotangulia, na wazee walisema ardhi sasa inapumua mahali ambapo zamani haikupumua. Habari za waasi zilikuwa zimeanza tena, na huko Kanyaruchinya, kaskazini ya mji, watu walikuwa wakifunga magodoro wakimbie. Mama alisema huu si wakati wa kucheza majini. Nilimjibu kwamba Goma ukisubiri wakati mzuri utazeekea mlangoni. Ewe kinywa changu!

Wiki nzima Hafidhi alitutania kwa ajili ya Kiswahili chetu. Nikisema "mutu", naye "mutu". Nikisema "mutoto", anamgeukia mkewe wanacheka. Hakuwa na ubaya, alikuwa kijana mchangamfu tu. Lakini mimi nilianza kupima maneno kabla ya kuyatoa, na nilikuwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Siku ya ubao ikafika, akaniachia mimi nichague ufukwe. Zile za mjini zilikuwa na watu wengi na muziki wa kupasua masikio. Nikachagua ghuba ndogo kupita Mugunga, katikati ya mawe meusi ya volkano. Palikuwa pazuri na patupu. Nilipajua tangu utotoni, na nilijua kwa nini palikuwa patupu. Nilijiambia kwamba upepo ukianza hapana neno.

Tulifika asubuhi na mapema. Ziwa lilikuwa limelala, hata jani halikutikisika. Mama mmoja muuza mihogo, aliyepanga biashara yake kando ya njia, alimwona Hafidhi na ubao wake akasimama.

"Baba, musishuke pale chini," alisema. "Pale kuko mazuku. Mutu akilala pale, haamuke."

Kwa asiyejua: mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini kwetu. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito, hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa asubuhi kabla upepo haujaifukuza. Mbuzi hushuka kula majani asirudi. Unaweza kupita umesimama ukapona, lakini ukiinama au ukilala, umekwisha. Mtoto wa Goma huambiwa haya kabla hajajua alifu.

Hafidhi alisikia mizuka. Alidhani ni mashetani.

"Mizuka, shemeji?" akaniuliza, meno yote nje. "Mimi nimeshalala makaburini kwa kuwekeana dau, sijaona hata paka. Nitasoma Ayatul Kursi, itatuhama yenyewe."

Nilifungua mdomo nimweleze. Kisha nikaona vile atakavyolirudia neno lile kwa sauti ileile aliyorudia "mutu", na Zaina atakavyocheka. Nikacheka mimi kwanza. Nikasema ni maneno ya watu wa huku, usiyajali. Yule mama alinitazama, akarudi kwenye mihogo yake. Alijua mimi ni mwenyeji.

Ee Mungu wangu, kicheko kile! Mpaka leo nakisikia.

Nilishuka hatua chache na jiko la makaa ili nichemshe chai. Nikachutama, nikawasha kiberiti. Kikazimika. Cha pili kikazimika. Cha tatu kikazimika, na upepo haukuwepo. Nikasema viberiti vimeloa, nikalipandisha jiko juu ya mwamba, na huko kiberiti kikawaka mara moja.

Hafidhi alikuwa ameuweka ubao bondeni, penye kivuli, akajinyoosha juu yake. Akasema tumwamshe mawimbi yakija. Nikamwita, shemeji, huku juu pazuri zaidi. Akapunga mkono. Basi, hayo ndiyo niliyosema, wala sikuongeza. Nilijiambia chai ikiiva nitamweleza vizuri, kwa utaratibu, asije akaniona mshamba.

Chai ikaiva. Zaina akajaza kikombe, akashuka nacho huku akimwita mumewe kwa mzaha, jina la utani lao wawili. Hakujibiwa. Alifika, akaanza kuinama.

"Zaina, usiiname!" nilipiga kelele. "Panda juu, panda!"

Alisimama wima, kikombe mkononi, na hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.

Yule mama wa mihogo ndiye aliyekimbia kuita wanaume. Walikuja na kamba na mti wenye kulabu, wakavuta pumzi juu, wakaibana, wakashuka kwa zamu. Walimtoa. Mimi na Zaina tulimpiga kifua, tukamwita. Alikuwa amekwenda zamani.

Tulimzika siku hiyohiyo, Goma. Zaina hakulia mbele yangu. Aliniuliza swali moja tu, tukiwa wawili chumbani.

"Dada, ulijuaje kwamba nisiiname?"

Hakurudia kuuliza.

Mama akaamua tuwaambie wakwe kwamba alizama. Kumpeleka mgeni kwenye mazuku ni aibu, alisema, lakini maji humchukua yeyote. Nikakubali. Na waasi walipoukaribia mji, Zaina alivuka mpaka na mkoba mmoja, akarudi pwani. Namba yake niliyonayo haiiti tena.

Mama yake Hafidhi hunipigia mimi. Hunisalimu kwa heshima, hunishukuru kwa mazishi. Hashangai kingine ila hiki: vipi mwanawe aliyejua kuogelea kabla hajajua kusoma azame ziwani. Amemkataza mdogo wake Hafidhi kukanyaga baharini. Anayachukia maji, na maji hayakumgusa mwanawe. Walipomtoa pale chini, shati lake lilikuwa kavu.

Zaina amemficha mama mkwe wake ukweli huo, kwa ajili yangu au kwa kunichukia, sijui. Kila nikisikia simu nasema leo nitamwambia, kisha nasikia sauti yake, naogopa.

Wewe unayesoma, nawe una mgeni wako. Akilicheka neno la kwenu, mwache acheke mpaka amalize, halafu mwambie maana yake.